Nondo wa manyoya: namna ya kumtambua na kumwandika, Unguja na Pemba

Ukiamka alfajiri na taa ya barazani bado inawaka, tazama ukuta kabla hujaizima. Baina ya mabawa ya kumbikumbi yaliyodondoka na nondo wanene wa kahawia, huenda ukaona kitu chembamba mfano wa kijiti cha kiberiti kilicholazwa mkingamo juu ya kijiti chengine, umbo la herufi T. Kikaribie polepole. Kijiti kina miguu mirefu kupita kiasi cha mwili wake, na kichwani kina vipapasio viwili kama uzi. Kiguse na unyasi: kitaruka kwa unyonge hatua mbili tatu, kitatua, na mara moja kitarudi kuwa T. Huyo ni nondo wa manyoya, wa familia ambayo wataalamu huiita Pterophoridae, yaani wabeba manyoya.

Watu wengi humwita kipepeo tu, au humdhania mbu mkubwa. Visiwa vyetu vinajulikana duniani kwa kima punju wa Unguja na popo mkubwa wa Pemba, na ni haki yao. Lakini mdudu huyu analala kwenye kuta zetu, kiwavi wake anakula maua ya fiwi zetu, na anayemwandika ni mmoja mmoja. Duniani familia hii ina spishi zaidi ya 1,000 zilizokwisha kupewa majina, na upande wa Afrika majina mapya yanaendelea kutolewa. Cees Gielis wa Uholanzi, na Warusi Peter Ustjuzhanin na Vasily Kovtunovich, wameeleza nyingi kati ya spishi za bara letu, na kazi kama hiyo hutegemea kwanza mtu aliyekuwepo pale nondo alipotua. Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi wa skuli ya Makangale au fundi wa Makunduchi, mwenye simu, daftari na subira.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni yeye

Umbo la T ni dalili nzuri, lakini usitosheke nalo. Siri yake imo ndani ya mabawa, nayo haionekani akiwa amelala, kwa sababu huyakunja kama mtu anavyokunja mkeka. Akiyafungua utaona bawa la mbele limepasuka kuanzia nchani, likawa vidole viwili. Bawa la nyuma limepasuka zaidi, karibu mpaka shinani, likawa vidole vitatu. Kila kidole kimezungukwa na nywele ndefu laini, mfano wa matamvua ya kikoi, na nywele hizo ndizo zinazompa sura ya unyoya.

Hesabu basi: viwili na vitatu, vitano kila upande. Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyeweka utaratibu wa majina ya Kilatini ya viumbe, alipompa jina mmoja wao wa Ulaya mwaka 1758, alimwita pentadactyla, mwenye vidole vitano. Tangu hapo majina mengi ya familia hii yakawa yanaishia na neno hilo la Kigiriki la kidole. Ukikutana na leucodactyla ujue ni mwenye vidole vyeupe.

Sasa wanaofanana naye. Kuna mdudu mwenye miguu mirefu sana ambaye huning'inia ukutani, naye ni jamaa wa mbu. Huyo ana mabawa mawili tu, yaliyo wazi kama kioo, na nyuma ya mabawa ana vijiti viwili vidogo vyenye vichwa. Nondo wa manyoya ana mabawa manne, na ukimgusa anakuachia ungaunga kidoleni, ambao ni magamba yake. Mwengine ni jamaa wa familia ya Alucitidae: huyo kila bawa lake limepasuka mara nyingi likawa na vidole sita, na hulala ameyatandaza kama kipepeo cha kupepea moto. Ukiona mabawa yametandazwa na mistari ya manyoya ni mingi mno kuhesabika, hayupo katika familia yetu. Tena, wapo nondo wa Pterophoridae wenyewe, wa jenasi Agdistis (jenasi ni kundi la spishi za karibu ndani ya familia), ambao mabawa yao hayakupasuka hata kidogo. Ukikuta T ambayo ukiifungua haina vidole, usiitupe. Ipige picha na uiandike.

Tazama na miguu. Mguu wa nyuma una jozi mbili za miiba inayotokeza ubavuni, mfano wa kipi cha jogoo. Rangi ya miiba hiyo, urefu wake, na kama mguu una pete nyeupe na kahawia au hauna, ni mambo ambayo mtaalamu atakuuliza.

Hatua ya pili: mtafute kwa mwezi na kwa upepo

Wavuvi wetu wa dagaa wanaijua kanuni hii kuliko mtu yeyote. Hutoka na taa zao siku za giza, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, kwa sababu taa haishindani na mwezi mpevu. Mtafuta nondo naye afuate kalenda hiyo hiyo. Siku chache kabla na baada ya mwezi kuandama ndizo bora. Tundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, weka taa mbele yake, na kaa kuanzia magharibi mpaka saa nne au saa tano usiku. Taa yenye mwanga wa zambarau huvuta wengi zaidi, lakini balbu ya kawaida ya barazani inatosha kuanzia. Umeme ukikatika, taa ya sola itakusaidia.

Upepo una neno kubwa zaidi kwa nondo huyu kuliko kwa wenzake, maana hana nguvu za kuruka. Kusi likivuma sana upande wa mashariki wa Unguja, unaweza kukaa usiku kucha usimuone hata mmoja. Siku za maleleji, kaskazi imekwisha na kusi haijashika, au usiku mtulivu baada ya mvua za masika, mambo huwa mengine kabisa.

Hata hivyo, njia ninayoipenda mimi haihitaji taa. Nusu saa kabla ya jua kuzama, pita taratibu kandokando ya shamba au uchochoro wenye majani, ukiyapapasa kwa ufito. Nondo wa manyoya huinuka kutoka kwenye mmea anaoukalia, huruka kidogo, hutua karibu. Mfuate kwa macho, usimkimbilie. Faida yake ni kwamba unamuona pamoja na mmea, jambo ambalo taa haiwezi kukupa.

Mimea ya kuanzia ni hii: fiwi, mbaazi, mmumunye, na lantana inayojiotea viamboni, yenye maua ya rangi mbili tatu kwenye kichala kimoja. Usisahau lile gugu linalotambaa kwenye viwanja na kando ya barabara, lenye maua madogo ya zambarau na mbegu zinazonata kwenye suruali, la jenasi Boerhavia. Magharibi ya Unguja kwenye udongo mzito na mashariki kwenye maweni mimea haifanani, na Pemba yenye vilima vya mikarafuu na mabonde ya mpunga ina yake. Kwa hiyo usidhani ulichokipata Bububu ndicho utakachokipata Jambiani.

Kabla ya yote haya, nenda kwa sheha. Mtu anayewasha taa na kutandika shuka jeupe usiku wa giza pembezoni mwa kijiji, bila ya kusema, anawatia watu hofu, na wana haki ya kuhofu. Mweleze sheha unachofanya, muoneshe picha, umkaribishe. Mara nyingi utapata watoto kumi wenye macho makali kuliko yako. Na ndani ya hifadhi kama Jozani au Ngezi, usikusanye chochote bila ya kibali. Anza ofisi ya msitu.

Hatua ya tatu: picha

Piga ya kwanza ukiwa mbali, hata kama ni mbaya, kwa sababu huenda ikawa ndiyo ya mwisho. Kisha sogea. Unahitaji picha ya juu, mabawa yote yakiwa ndani. Picha ya ubavu, ionekane miguu na namna anavyobeba tumbo. Na picha ya karibu ya ncha ya bawa la mbele, pale palipopasuka. Mwanga wa tochi utoke pembeni, upite kwenye karatasi nyeupe ili ulainike. Fleshi ya simu humpiga usoni na kuyafanya magamba yote yawe meupe. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu husaidia sana.

Ukubwa usiukisie. Ukimtia kwenye chupa, weka chini yake karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita, upige. Wengi wa nondo hawa, mabawa yakitandazwa, ni milimita 12 mpaka 25, na tafauti ya milimita tatu kati ya mmoja na mwengine ni kubwa.

Hatua ya nne: daftari

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika. Nondo aliyepigwa picha vibaya lakini ana tarehe na mahali pa kweli anafaa. Nondo mzuri asiye na tarehe wala mahali ni pambo.

Anza na saa. Sisi tunasema saa mbili na nusu usiku, na atakayeisoma rekodi yako akiwa Leiden, Uholanzi, au Nairobi atasoma 2:30 na kudhani ni usiku wa manane. Mimi mwenyewe nina ukurasa mzima wa daftari la mwanzo ulioandikwa 2:30, 3:10, 4:00, bila ya neno jengine, na baada ya miezi sikuweza kuapa kama nilikuwa kwenye taa jioni au niliamka alfajiri kuzungukia kuta. Andika kwa saa 24: 20:30, 21:10, 22:00. Ukipenda, weka pembeni na saa yetu, kwa ajili yako.

Kisha usiku. Kwa hesabu ya wazee siku huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoingia Alkhamisi jua likizama. Mwengine akisikia usiku wa Ijumaa anafahamu Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Tafauti ni siku nzima. Usiandike jina la siku. Andika tarehe mbili, ya magharibi na ya alfajiri yake, mfano 11–12. Na mwezi uandike kwa tarakimu za Kirumi, kama wafanyavyo wakusanyaji wa wadudu: 11–12.iv.2024. Ukiandika 4/12, mmoja atasoma Aprili na mwengine Disemba.

Mahali nako kuna mitego. Ukisema Michenzani, wa mjini ataona majumba makubwa ya Ng'ambo, na wa Mkoani ataona kijiji chake. Andika kisiwa kwanza, kisha wilaya, kisha shehia, kisha maneno machache ya pale hasa: nyuma ya kisima, bustani ya fiwi, ukuta wa msikiti upande wa kusini. Maneno hayo yataishi kuliko simu yako.

Halafu latitudo na longitudo, ambazo simu inakupa yenyewe. Mji wa Zanzibar ni takriban -6.16, 39.20, na Chake Chake ni -5.25, 39.77. Ile alama ya kutoa inasema tuko kusini ya ikweta. Ukiisahau, nondo wako wa Unguja anahamia kusini ya Ethiopia. Ukizigeuza nambari mbele nyuma, anavuka mpaka Hispania, si mbali na mji wa Cáceres. Nimewaona nondo wa visiwa vya joto waliotua Hispania kwa njia hiyo, na ramani haikulalamika. Tarakimu mbili baada ya nukta zinakuweka ndani ya kilomita moja hivi. Nne zinakuweka ndani ya mita kumi na kidogo. Chukua nne, na subiri simu itulie kabla ya kuziandika, hasa ukiwa chini ya miti.

Yanayobaki yaandike upesi: alikuwa kwenye taa au kwenye mmea, mmea gani, upepo, mawingu, mvua ilikuwa imenyesha lini. Tumia penseli, wino wa kalamu ya kawaida hukimbia ukipata unyevu, na kwetu unyevu haukosekani.

Hatua ya tano: mlee kiwavi

Kumkuta nondo juu ya jani hakumaanishi kwamba analila. Huenda alipumzika tu. Ushahidi wa kweli ni kumpata kiwavi akila, kumlea, na kumuona nondo akitoka.

Mara ya kwanza kufanya hivi nilikuwa Wete, kwenye ua wa bibi mmoja aliyekuwa na mfiwi uliopanda mpaka juu ya paa la jiko. Nilimsalimia, nikamuomba nitazame maua. Akanitazama muda. "Wataka nini na maua, mwanangu, nawe si nyuki?" Nikamwambia natafuta kiwavi mdogo wa kijani mwenye nywele. Akacheka, akashika kichala cha maua, akakigeuza, akanionesha kwa kidole cha shahada kabisa: kijani juu ya kijani, urefu wa punje ya mpunga na nusu yake, kichwa kimezama ndani ya chipukizi la ua. "Hilo ndilo dudu linalonila fiwi zangu. Kila mwaka. Nikidhani ni ua ndilo linalonyauka." Kisha akanionesha kitu ambacho mimi peke yangu nisingekiona, pupa, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa nondo, iliyoning'inia kwa mkia chini ya kikonyo, ina miibamiiba mgongoni, rangi yake na ya kikonyo ni moja. Yeye alikuwa akiziona tangu utoto wake. Jina la Kilatini ndilo pekee nililokuwa nalo na yeye hana.

Kwa kulea, chukua chupa ya kioo ya mdomo mpana, tia kijichala cha maua na maganda machanga, funika kwa kitambaa chembamba na mpira. Usiweke juani. Toa kinyesi na maua yaliyooza kila siku, kwani ukungu ndio muuaji mkubwa humo ndani, na ongeza maua mapya ya mmea ule ule, usibadilishe. Andika tarehe aliyoingia, aliyogeuka pupa na aliyotoka. Wangu wa Wete alikaa ndani ya pupa siku sita. Akitoka, mwache saa kadhaa mabawa yakauke na kunyooka kabla ya kumpiga picha.

Pengine atatoka nyigu mdogo mweusi badala ya nondo. Usivunjike moyo wala usimtupe. Huyo ni kidusia, alitagwa ndani ya kiwavi, na rekodi yake ni adimu kuliko ya nondo. Muhifadhi pamoja na ganda la pupa alilotokea.

Mmea nao upige picha: jani juu na chini, ua, na tunda. Kama hujui jina lake, bana kijitawi baina ya kurasa za gazeti kavu, utamuuliza anayeijua mimea.

Hatua ya sita: jina, na mahali pa kusimama

Hapa ndipo watu wanapokimbilia, na ndipo ninapokuomba upunguze mwendo. Nondo huyu ana tabia ya kufanana. Wapo wa kahawia hafifu wasio na alama yoyote ambao hata mtaalamu hawezi kuwatenganisha kwa picha.

Chukua yule wa fiwi. Mabawa yake ni ya kahawia iliyochanganyika na manjano, yana vidoa vyeupe na vyeusi, miguu ina pete, na kwenye kidole cha tatu cha bawa la nyuma kuna kishungi kidogo cha magamba meusi kilichoshika baina ya matamvua. Kiwavi yuko kwenye maua ya fiwi, mbaazi au mmumunye. Dalili hizi zinakupeleka kwenye jenasi Sphenarches. Basi hapo una majina mawili mbele yako, Sphenarches anisodactylus na Sphenarches caffer, na rekodi za zamani zimewachanganya wawili hawa mara nyingi sana, anisodactylus akiandikwa caffer nchi baada ya nchi. Kinachowatenganisha kwa uhakika ni viungo vya uzazi vilivyo ndani ya ncha ya tumbo, vikitazamwa kwa hadubini. Kama una picha tu, andika Sphenarches sp., yaani spishi ya Sphenarches isiyojulikana bado, na usione haya. Jina la jenasi lililo sahihi linaweza kuongezwa baadaye na mwenye hadubini. Jina la spishi lililobahatishwa linanakiliwa, linaingia kwenye ramani, na kulitoa ni kazi ya miaka.

Kwenye lile gugu la mbegu za kunata, mtazamie Megalorhipida leucodactyla, aliyeelezwa na mtaalamu wa wadudu Fabricius mwaka 1794 na ambaye ameenea nchi za joto dunia nzima. Kwenye maua ya lantana, mtazamie Lantanophaga pusillidactylus, mdogo sana. Habari yake inafaa kuijua: mwaka 1902 alichukuliwa Mexico akapelekwa visiwa vya Hawaii kwa makusudi, ili viwavi wake wapunguze lantana iliyokuwa imevamia malisho. Mmea huo ni wa Amerika, na popote ulipohamishwa inafaa kuutazama kama nondo wake amefuata. Lakini mmea ni dokezo, hauwi hati. Mtazame mdudu mwenyewe kila mara.

Programu za simu zinazokisia jina kwa picha nazitumia kila siku, na ninazishukuru, ila nazijua udhaifu wake. Zimejifunza kwa picha zilizopo, na nyingi ni za Ulaya na Amerika Kaskazini. Nondo wa kahawia aliyelala T huko Chwaka unaweza ukaletewa jina Emmelina monodactyla, ambaye makao yake ni nchi za kaskazini. Kabla ya kukubali jina lolote, liangalie kwenye Afromoths, orodha ya nondo wa Afrika kusini ya Sahara iliyo wazi mtandaoni, uone limeandikwa kutoka nchi zipi. Kama halipo popote karibu nasi, ama umepata jambo kubwa au programu imekosea, na mara nyingi ni hilo la pili.

Hatua ya saba: kielelezo

Kielelezo ni nondo mwenyewe aliyehifadhiwa. Si lazima kuua, na kwa spishi nyingi za wanyama nisingeshauri. Kwa nondo huyu, mmoja wa kiume na mmoja wa kike kutoka mahali pamoja vinatosha, na bila ya hao viungo vya ndani haviwezi kutazamwa. Mtie kwenye chupa ndogo kavu, weka friza usiku mzima. Miguu yake hukatika kwa kuguswa tu, kwa hiyo usimshike. Mmwage taratibu juu ya karatasi laini. Kama huna pini nyembamba na mazoezi ya kutandaza mabawa, mkunjie bahasha ndogo ya pembetatu ya karatasi isiyonyonya, na maelezo yake yaandikwe juu ya bahasha kabla hajaingia. Kazi ya kuchemsha ncha ya tumbo kwa potasiamu haidroksaidi na kuipasua mwachie mwenye maabara.

Adui ni wawili, unyevu na sisimizi. Kwa unyevu, tumia chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, ndani mwake kifuko cha silika, au mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, ubadilishwe kila wiki. Kwa sisimizi, simamisha chombo juu ya kigae ndani ya sahani ya maji yenye tone la mafuta. Nilipuuza jambo hili usiku mmoja tu, kwa uchovu. Asubuhi nilikuta bahasha kumi na moja zimefungwa vilevile nilivyozifunga, na ndani mna mabawa bila ya miili. Ncha ya tumbo, ile ile iliyokuwa inatakiwa, ndiyo waliyoianza.

Lebo iwe fupi, isomeke, na isimame peke yake hata daftari likipotea. Hii ni mfano wa inayotosha:

TANZANIA, Pemba, Chake Chake, bustani ya nyumbani
5.2459°S 39.7666°E
kiwavi kwenye maua ya fiwi 2.vii.2024
nondo ametoka 13.vii.2024
jina la mkusanyaji, nambari ya daftari 47

Nambari hiyo ya 47 iandikwe pia kwenye picha, kwenye mmea uliobanwa na kwenye ganda la pupa. Ndiyo uzi unaovishona pamoja.

Kupeleka rekodi

iNaturalist, tovuti na programu ya simu ya kuwekea rekodi za viumbe, ni mlango rahisi. Weka picha zote za nondo mmoja kwenye rekodi moja, usizitawanye; hakiki nukta kwenye ramani kwa macho yako; andika mmea na nambari ya daftari kwenye maelezo. Kwa Kiswahili inafaa, maana maelezo ya mmea kwa jina la kwetu ni elimu nayo, ila ongeza jina la Kilatini kama unalijua. Rekodi ikishakubaliwa na watazamaji wa kutosha, na kama leseni uliyoichagua inaruhusu, huingia GBIF, ghala la kimataifa la rekodi za viumbe, ambako mtafiti wa popote ataikuta. Mtu akikurekebisha jina, muulize ameona nini. Wengi hufurahi kujibu, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kukitafuta kile kishungi cha magamba meusi.

Na usiku ambao hukupata hata mmoja, uandike vilevile: tarehe mbili, mahali, saa ulizokaa, taa uliyotumia, upepo, mwezi, kisha neno hakuna. Nina usiku kumi na nne wa namna hiyo mfululizo kutoka upande wa mashariki wa Unguja, kusi likivuma, na siku upepo ulipotulia, usiku wa kumi na tano, walikuwa sita kwenye shuka kabla ya isha.